Maua ya Ijumaa

Ekerenyo
16 Januari 1955

Mpendwa Baba Mokeira,

Nakuandikia Kiswahili kama ulivyoagiza. Unasema barua zote zinazoingia Nakuru siku hizi za hali ya hatari zinafunguliwa, na zile za lugha yetu zinalala mezani wiki tatu kwa sababu hakuna anayeijua pale. Haya. Bwana utakayeifungua hii, salamu kwako pia, na ukimaliza kuisoma uibandike vizuri.

Mwanao ana miezi sita sasa. Ana meno mawili na anauma. Ulipopanda lori kwenda huko kazini alikuwa bado tumboni, kwa hiyo nikimwambia habari zako ananitazama kama mtu anayesikiliza porojo.

Sasa sikia. Bwana Shamba Machogu alikuja wiki jana akachagua nyumba kumi huku kwetu kwa jaribio la pareto. Alisema ofisi yake na maabara ya Nakuru wameshirikiana watafute njia moja ya kukausha maua, ili wanunuzi wa ng'ambo wakiona gunia limetoka kwetu wasiulize maswali. Kila nyumba imepewa kifuko cha kitambaa chenye namba. Majina yanabaki kwenye daftari lake, na wapimaji hawatajua maua ni ya nani. Nilijifunika mdomo kwa leso nisicheke. Maabara ya Nakuru! Mpimaji si ni wewe?

Najua sikupaswa kukuambia, lakini mke gani angeweza kunyamaza? Namba yetu ni saba.

Wako,
Drusilla


Nakuru
30 Januari 1955

Mpendwa Mama Mokeira,

Barua yako nimeipata, na mfunguaji ameibandika vizuri kama ulivyomwomba.

Umefanya kosa, na sitaki ulirudie. Namba zimewekwa ili mimi nisijue. Nikijua, mkono wangu unaweza kuegemea upande mmoja bila hata mimi kutaka. Bwana Wetherall, mtafiti anayesimamia jaribio hili, alitueleza jambo hili siku nzima. Tunasaga maua, tunayaloweka kwenye mafuta maalumu, tunachuja, tunapima nguvu yake ya kuua wadudu. Mizani haimjui mtu, anasema, na sisi tunapaswa kuwa hivyo hivyo.

Nimeyasema hayo, na bado nakuungamia. Vifuko vilipofika kwa lori la Dahir wa Kisii nilianza na saba. Nilitia mkono ndani kabla ya kuchukua kijiko. Nikainamisha uso. Karani wa meza ya pili akaniuliza kama nina mafua. Drusilla, mwaka mzima sijagusa kitu kilichoguswa na mikono yako.

Likizo bado zimefungwa kwa sababu watu ni wachache na ruhusa za kusafiri hazitoki. Lakini kuna habari njema. Bwana Wetherall ameahidi kwamba nyumba zote kumi zikifikia kipimo miezi sita mfululizo, kanuni ya kukausha itaandikwa na kuchapwa, nami nitarudishwa Ekerenyo kuisimamia. Nitalala nyumbani kwangu. Shika hilo.

Mumeo,
Onsongo


Ekerenyo
13 Februari 1955

Mpendwa Baba Mokeira,

Nimelishika. Nimelishika hata vidole vinauma.

Karatasi ya maagizo nimeibandika ukutani. Inasema tuchume Jumanne na Ijumaa, tutandaze maua kwenye kichanja yasilaliane, tuyageuze mara tatu kwa siku, na yakianza kuvunjika kwa vidole yawe tayari. Jumatatu Bwana Shamba anapita, tunajaza kifuko mbele yake, anatia lakiri. Mimi nafuata kila neno. Jirani yangu Nyamusi ananicheka kwamba nasoma karatasi ile kuliko Biblia.

Mvua inakuja kila alasiri kama inadaiwa. Tunakimbia kuingiza maua ndani, tunayatoa, tunayaingiza. Nikiwa peke yangu na mtoto mgongoni nakumbuka ulivyokuwa ukibeba kichanja kizima kichwani, mimi nikikupigia kelele kwamba utakivunja. Sasa hakuna wa kupigiwa kelele.

Jana kanisani mchungaji aliuliza habari zako. Nikajibu uko salama. Huko Nakuru mnasali wapi siku ya Sabato? Hujaniambia hata mara moja.

Drusilla


Nakuru
6 Machi 1955

Mpendwa Mama Mokeira,

Kanisa lipo, si mbali na kambi yetu.

Leo sina maneno mengi. Matokeo ya miezi miwili yametoka. Nyumba tisa zimefikia kipimo. Moja imeanguka mara zote mbili, na vibaya. Maua yake yana rangi ya kahawa na nguvu imepungua karibu nusu. Bwana Wetherall anasema hesabu ya miezi sita haianzi mpaka nyumba hiyo isimame. Siruhusiwi kusema ni ipi, na sisemi.

Ila nilikuwa nikidhani ningekuwepo Mokeira atakapoanza kutembea.

Onsongo


Ekerenyo
20 Machi 1955

Baba Mokeira,

Nimekuelewa. Usiwaze. Nyumba hiyo haitaanguka tena.

Drusilla


Nakuru
3 Julai 1955

Mpendwa, mpendwa Mama Mokeira,

Miezi mitatu! Aprili, Mei, Juni, na nyumba zote kumi zimesimama. Saba imesimama kama askari. Bwana Wetherall alipita mezani akasema, "Onsongo, hawa watu wa kwenu wanajifunza upesi," nami nikaangalia chini nisije nikamwambia ni mke wangu. Sijui ulichofanya wala siulizi. Labda mvua imekuhurumia.

Kila mwezi kifuko kikija nafanya ule upuuzi wangu. Natia mkono, nanusa. Nasikia hata harufu ya nyumba yetu, kwa hakika naisikia. Wenzangu wamezoea, wanasema Mkisii anasali juu ya maua yake.

Ikiwa mambo yataendelea hivi, Oktoba niko nyumbani. Nimenunua sanduku la bati, jekundu. Nataka kumletea Mokeira viatu, lakini mwenye duka ameniuliza namba ya mguu nikasimama pale kama mjinga. Sijui mguu wa mtoto wangu una ukubwa gani. Nitumie kipimo.

Wako wa Oktoba,
Onsongo


Ekerenyo
17 Julai 1955

Mpendwa Baba Mokeira,

Ndani ya barua hii kuna uzi. Nimeupima toka kisigino mpaka ncha ya kidole kikubwa, na Mokeira alipiga mateke kiasi kwamba Nyamusi alilazimika kumkalia. Uzi ni sawa kwa leo. Fanya haraka, maana ukichelewa utanunua viatu vya mtoto ambaye hayupo tena.

Ndiyo, anatembea. Hatua nne, kisha anakaa. Ilikuwa Jumatano ya wiki jana, uani, akimfuata kuku. Nilitazama nyuma nikiwa nimeshafungua mdomo nikuite. Nilikaa pale pale chini nikalia, naye akaacha kuku akaja kunishika shavu.

Kuhusu mambo ya kunusa maua, nakuomba uache. Watu watakuona akili hazijakamilika. Fanya kazi yako tu, upime, urudi.

Rudi, Onsongo. Sijawahi kukuandikia neno hilo peke yake kwa sababu nilijua si wewe unayejizuia. Leo naliandika. Rudi.

Drusilla


Nakuru
21 Agosti 1955

Mama Mokeira,

Nimeirarua barua hii mara mbili, hii ni ya tatu.

Toka Aprili, namba saba na namba nne zinatoa jibu moja. Mwanzoni nilifurahi kwamba zinafanana. Lakini maua ya nyumba mbili hayafanani hivyo, hata yakiwa ya ndugu wawili wenye mashamba yanayopakana. Mwezi wa Julai kifuko namba nne kilinuka moshi, ikaandikwa kwenye ripoti kwamba mwenye nyumba hiyo alianika juu ya meko kwa sababu ya mvua. Nilipofungua saba, nayo ilinuka moshi. Wewe hujawahi kuanika juu ya meko. Moshi hukuumiza macho, hata uji unapikia nje.

Nguvu zilipungua kwa kiasi kile kile, ingawa zote mbili zilifikia kipimo. Hapa hakuna mwingine aliyeona. Miezi minne imekamilika. Imebaki miwili.

Namba nne ni nani? Na maua ya saba ni ya nani?

Onsongo


Ekerenyo
4 Septemba 1955

Baba Mokeira,

Nne ni Nyamusi. Maua ya saba ni ya Nyamusi pia. Mimi ndiye niliyemwomba, kwa hiyo ukimtaja mahali popote umtaje hivyo. Kila Jumapili nampelekea kikapu cha maua yangu, ananipa kikapu cha yake, na Jumatatu vifuko vyote viwili tunavijaza kwa yale yake, Bwana Shamba anatia lakiri.

Ulishangaa kwa nini yangu yalikuwa ya kahawia? Karatasi inasema tuchume Ijumaa. Nachuma Ijumaa. Jua likizama Sabato imeingia, na wewe mwenyewe unajua nyumba hii haigusi kazi. Maua yanabaki ndani yamerundikwa, mabichi, usiku na mchana wake. Jumapili asubuhi nikitia mkono katikati ya rundo naona joto kama la tumbo la mtu mwenye homa. Yameshaharibika. Nyamusi ni Mkatoliki, Jumamosi yake yote anageuza maua. Katika nyumba kumi, sisi peke yetu ndio tunaopumzika siku hiyo.

Kwa nini sikumwambia Bwana Shamba? Nilidhani mwenye akili ya kuandika karatasi ile ameshafikiria kila kitu. Kisha barua yako ya Machi ikaja, na sikutaka kufikiria lolote tena. Ulisema nyumba ikisimama unarudi. Nikaisimamisha.

Sitajitetea. Lakini nikuambie kilichoniuma. Uliponiandikia unavyoinama juu ya saba na kusikia harufu ya nyumba yetu, nililia, maana miezi yote hiyo ulikuwa unanusa mikono ya Nyamusi.

Imebaki miwili. Hakuna mwingine aliyeona. Umeyasema mwenyewe.

Drusilla


Nakuru
18 Septemba 1955

Mke wangu,

Nimemwambia Bwana Wetherall.

Kabla hujaitupa karatasi hii, soma mpaka mwisho. Nilikaa na barua yako siku tano. Nilijaribu kunyamaza, Mungu anajua. Nilifungua hata sanduku jekundu nikaangalia viatu. Lakini kanuni ile ingechapwa ikisema Jumanne na Ijumaa, ikapelekwa kila kilima, na wewe unajua ni nyumba ngapi za kwetu zinazofunga mlango Ijumaa jioni. Ni maelfu. Kila mmoja angefuata karatasi kwa uaminifu kama ulivyofuata wewe, na kila mmoja angetoa maua yaliyooza. Na gunia likifika ng'ambo, huko wangesema watu wa Kisii ni waongo, na jina langu likiwa miongoni mwa waliopima. Nisingeweza kusimama Ekerenyo na kusimamia kitu hicho.

Nilimwambia pia kwamba nilikuwa naijua namba yako toka mwanzo. Hakufoka. Aliuliza, "Kwa nini hakuna aliyeniambia kuhusu Jumamosi?" Aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Hapo ndipo penye deni langu kwako. Uliniuliza nasali wapi, nikajibu kwamba kanisa si mbali. Ni kweli si mbali. Sijaingia. Maabara inafanya kazi Jumamosi mpaka saa saba, na toka wiki ya kwanza nilivaa koti nikaingia kazini. Nilijiambia ni kwa muda. Mwishowe hata kujiambia nikaacha. Nilikuwa na maua ya kahawia mbele yangu, ya mke wangu, na haikunijia hata siku moja kwamba nyumbani Jumamosi haifanyiki kazi. Nilikuwa nimesahau, Drusilla. Wewe uliificha Sabato yako ili nirudi, nami yangu nilikuwa nimeshaiacha njiani.

Uamuzi ni huu. Miezi yote iliyohesabiwa imefutwa. Jaribio litaanza upya Januari, na likienda vizuri litaisha Juni. Siachiliwi kabla ya hapo. Nyumba namba saba imeondolewa.

Nisamehe, au kasirika. Ila usininyamazie.

Onsongo


Ekerenyo
2 Oktoba 1955

Barua yako imefika. Mokeira hajambo.

D.


Nakuru
23 Oktoba 1955

Mpendwa Mama Mokeira,

Mistari yako miwili nimeisoma mara nyingi kuliko barua zote ndefu.

Oktoba imefika, na niko pale pale. Vifuko bado vinaletwa ingawa havihesabiwi, na vya mwezi huu viliwekwa mezani jana, namba sita, kisha namba nane. Nilivipanga mara mbili kama mtu anayehesabu watoto wake. Nilijua namba hiyo haitakuwepo, na bado niliitafuta.

Kuna jambo moja unapaswa kulijua kabla hujalisikia kwa mwingine. Bwana Wetherall na ofisi ya Bwana Shamba wamekaa pamoja, wakaniita nami nikae, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Waliniuliza habari za kwetu toka asubuhi mpaka chakula cha mchana: jua huzama saa ngapi, nani hufanya nini, mvua huja lini, maua hukaa siku ngapi. Niliwajibu vile ulivyoniandikia wewe, karibu neno kwa neno. Wameandika agizo jipya litakalojaribiwa Januari. Nyumba inayopumzika Jumamosi itachuma Jumatatu na Alhamisi. Ijumaa ni ya kumalizia kukausha tu, na ikifika jioni kichanja kiwe kitupu. Katika nyumba kumi, tano sasa zitakuwa za Wasabato. Bwana Shamba atalisoma sokoni kwenu.

Jina lako halimo. Wala langu.

Nimeomba niachwe Jumamosi na nifanye kazi Jumapili badala yake. Bado sijajibiwa. Jana nilifanya kazi, nakuambia ili usifikiri nimeshakuwa mtu mwema.

Viatu vya mtoto nimempa Dahir avilete. Sijui kama vitamwenea.

Nakosa hata hasira zako. Ziandike.

Onsongo


Ekerenyo
11 Novemba 1955

Mpendwa Baba Mokeira,

Uliomba hasira, haya zipokee. Nilikukasirikia wiki sita. Nilikukasirikia nikilima, nikipika, nikimwogesha mtoto. Nilimwambia Nyamusi kwamba nimeolewa na mizani. Hasira ya kwanza ni kwamba ulisema. Ya pili ni ile ya Jumamosi zako, na hiyo bado haijaisha, tutaimaliza ukiwa mbele yangu. Nimejaribu kukukasirikia kwa kuwa ulikosea, nimeshindwa, maana hukukosea. Hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko zote.

Dahir alileta viatu. Havikumwenea. Nimempa mtoto wa Nyamusi, ambaye amevivaa mpaka kitandani.

Jumatatu Bwana Shamba alisimama sokoni akasoma agizo. Watu walikuwa wengi, wanawake tumeketi upande wa ndizi. Aliposema Jumatatu na Alhamisi kwa nyumba zinazoshika Sabato, mama mmoja wa kanisani kwetu aliinuka akasema, "Kumbe serikali inatujua!" Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanaozesha maua kila wiki kwa siri wakidhani ni shamba lao limelaaniwa. Onsongo, nilidhani ni mimi peke yangu. Nilitaka kusimama niwaambie ni mume wangu, amefanya hivyo na bado hajamwona mtoto wake. Nilimkumbatia Mokeira nikakaa. Bwana Shamba aliniangalia kidogo, kisha akakunja karatasi.

Hakuna anayenidai maua ya kifuko sasa, lakini nimefuata agizo hilo kama wengine. Jana nilichuma. Leo tumepata jua la ajabu, na kabla ya saa tisa yalikuwa yanavunjika kwa vidole, meupe, kila moja. Nimeyaweka guniani. Kichanja ni kitupu, mtoto amelala, na jua bado liko juu.

Tangu uondoke sijawahi kuwa na Ijumaa. Siku zote nilikuwa nakimbizana na maua mpaka giza linaingia, naingia Sabato nimechoka, nalala. Sikujua kwamba kuchoka kule kulikuwa kunanisaidia. Leo mikono yangu haina kazi, nimekaa mlangoni, na hakuna kitu kati yangu na wewe ila njia.

Kwa hiyo nakuandikia. Ijumaa ijayo nitakuwa nimekaa hapa, na ile ya baadaye pia. Nimezihesabu mpaka mwisho wa Juni. Ni thelathini na tatu.

Wako,
Drusilla